Mafuta Yakichemka, Sauti Hupotea: Maswali Yenu Kuhusu Filamu Fupi za Makala

Safu ya mwezi huu tumeitenga kwa wasomaji wanaotengeneza filamu fupi za makala kuhusu watu wa karibu nao: muuza samaki, kinyozi, mzee wa baiskeli, mama mwenye biashara asiyothubutu kuitaja. Barua zimetoka Kisumu, Nakuru, Busia, Kakamega, Eldoret na Mbita. Nyingi zinauliza habari za kamera. Tumezijibu, ila mtaona tunarudi kila mara kwenye sauti na kwenye heshima ya anayerekodiwa, kwa sababu huko ndiko filamu za aina hii huharibikia.

SWALI: Natengeneza filamu ya dakika kumi kuhusu mama anayekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyokwisha kutolewa minofu, huko Obunga. Picha zimetoka vizuri, lakini akizungumza husikii ila mafuta. Nimetumia programu ya kuondoa kelele, sauti yake ikawa kama ya mtu aliyeingia mtungini. Nifanye nini? (Dada msomaji, Nyalenda, Kisumu)

Dada, mlio wa mafuta umelala palepale panapokaa sauti za s, sh, f na ch. Programu inapouondoa mlio huo huondoa na sehemu ya herufi hizo, na kinachobaki ni irabu tupu zinazoelea. Sauti ikishaharibika hivyo hairudi. Dawa ni kurekodi upya, na safari hii kazi mbili zitenganishwe.

Kazi ya kwanza ni mahojiano, na yafanywe moto ukiwa umezimwa. Mwulize mama mwenyewe ni saa ngapi hana shughuli, usimpangie. Mketishe chumbani kwenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa, maana vitu hivyo hunyonya mwangwi. Chumba cha mabati matupu hulia kama debe. Kama ndicho kilichopo, tundika blanketi mbili nyuma ya kamera na moja ubavuni mwa msemaji. Kukiwa na friji, omba ruhusa uizime, kisha weka funguo zako za nyumba ndani yake: hutaondoka bila kuiwasha tena, na samaki wa watu hawataoza kwa ajili ya filamu yako.

Maikrofoni ya kubana kwenye nguo ikae shibiri moja chini ya kidevu. Ikiwa amejifunga leso, usiibane kwenye leso, kwa kuwa kitambaa kile husugua kila anapopumua. Ibane kwenye blauzi, kisha uzungushe waya kitanzi kidogo na kuushika kwa utepe ili usivutwe. Zima marekebisho ya sauti ya moja kwa moja. Yakiachwa, kila mama anaponyamaza simu hudhani sauti imepungua na kuipandisha kelele ya nje. Rekebisha kwa mkono hadi maneno yake ya juu kabisa yafike kati ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) -12 na -6. Yakigonga 0 yamepasuka, na hakuna wa kuyashona.

Kazi ya pili ni kurekodi jiko lenyewe, bila mtu kuhojiwa. Hapa ndipo penye utajiri wa filamu yako. Tega sikio: samaki mbichi anapotumbukia, mlio huanza kwa kishindo, hupanda kwa muda mfupi maji yanapogeuka mvuke, halafu hushuka polepole na kuwa mwembamba kadiri maji yanavyokwisha mwilini mwa samaki. Mkaangaji mzoefu husikiliza badiliko hilo na kujua samaki yuko wapi bila kumtazama. Rekodi mzunguko huo wote bila kukata, mara tatu. Kisha rekodi peke yake mwiko ukigonga karai, kuni zikivunjwa, mteja akibishania bei. Maikrofoni iwe umbali wa mkono mmoja, kando ya karai na wala si juu yake, la sivyo mvuke wa mafuta utaiingia. Malizia kwa dakika moja ya pale mahali pakiwa pametulia. Kila mahali pana ukimya wake, na utauhitaji kuziba mapengo ya maneno utakayokata.

Unapohariri, laza sauti ya jiko chini ya maneno yake, desibeli 18 hadi 20 chini. Mtazamaji ataona mafuta, atasikia mafuta, na hatapoteza neno. Mama akimaliza sentensi nzito, pandisha jiko kwa sekunde tatu kabla ya sentensi inayofuata.

Kuhusu picha: simama mita moja na nusu, maana mafuta hurukia lenzi na kuacha ukungu unaoonekana tu ukifika nyumbani. Ifute kila baada ya dakika kumi kwa kitambaa cha miwani. Moshi ukipita mbele, fokasi ya simu huanza kuhangaika, kwa hiyo ifunge kabla hujaanza. Na tafadhali usiweke msimulizi wa kutueleza kuwa minofu ya mbuta imekwenda ng'ambo na Obunga imebaki na mifupa. Tuonyeshe mgongo mmoja mkononi mwa mama, karibu kabisa, nyama nyembamba iliyosalia kati ya mifupa. Yeyote aliyezaliwa kandokando ya ziwa hili ataelewa.

SWALI: Nina shilingi 20,000 na simu ya kawaida. Nitafute kamera ya mtumba? (Kijana wa Rhonda, Nakuru)

La. Bakia na simu. Anza na maikrofoni ya kubana yenye waya, na kabla ya kulipa hakikisha plagi yake inaingia kwenye simu yako. Fuata na hedifoni za kufunika masikio, kwa sababu anayerekodi bila kusikiliza anabahatisha. Kisha tripodi isiyotikisika upepo ukivuma. Kitakachobaki kiende kwenye nafasi ya kuhifadhi.

Wengi hawaipigii hesabu nafasi hiyo. Video ya ubora wa 1080 kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde hula takriban GB 22.5 kwa saa. Ukipiga 4K, ubora ulio juu zaidi, kwa megabiti 100 ni GB 45. Siku moja yenye saa tatu za kurekodi kwa 1080 ni karibu GB 68. Weka nakala tatu: mbili kwenye vifaa viwili tofauti ulivyo navyo, ya tatu kwenye nyumba nyingine, kwa dada au kwa rafiki. Usifute kadi kabla hujafungua faili kwenye nakala mbili na kuziona zikicheza. Diski ikikataa faili lililozidi GB 4, usiirudishe dukani. Si mbovu, imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Hamisha vilivyomo, uifomati upya kuwa exFAT.

Taa usinunue bado. Dirisha na kipande cha boksi kilichobandikwa karatasi nyeupe upande wa pili wa uso vinatosha. Epuka kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri ukiwa nje, kwa kuwa jua la huku hukaa utosini na macho ya watu hugeuka mashimo.

SWALI: Nimerekodi kinyozi wa Kondele kwa simu. Mistari myeusi inapanda na kushuka juu ya picha, na tukifika dakika ya saba midomo yake haiendi tena na sauti niliyorekodi kwa kinasa sauti. Simu imeharibika? (Msomaji, Kisumu)

Simu ni nzima. Una makosa mawili yasiyohusiana.

Mistari inatokana na umeme. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi hung'aa na kufifia mara 100 kila sekunde bila jicho kugundua. Simu nyingi huja zimewekwa fremu (picha moja moja za video) 30 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, ya 1/60 ya sekunde, hesabu inayofaa nchi za mizunguko 60 kama Marekani. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua mwenyewe, kisha weka fremu 25 na shata ya 1/50, au 1/100 mwanga ukizidi. Ukiona mistari bado, balbu ni ya bei ya chini na mpepeso wake haufuati hesabu hiyo. Omba kiti kisogezwe mlangoni. Kwa kinyozi ni rahisi, na mwanga wa mlango utamfaa zaidi mteja aliyenyolewa upande mmoja.

Midomo kuachana na sauti ni jambo jingine. Simu haishiki kasi moja ya fremu: mwanga ukipungua au ikipata joto, hupunguza na kuongeza yenyewe. Programu ya kuhariri inapoipokea hudhani kasi ni moja, na kosa hujikusanya kidogo kidogo hadi dakika ya saba linapoonekana. Kabla ya kuhariri, pitisha kila faili kwenye programu ya bure ya HandBrake na uchague kasi ya fremu isiyobadilika, namba ileile uliyorekodia. Na kila unapoanza kurekodi, piga kofi moja mbele ya kamera. Mlio huo ndio msumari wa kushikiza sauti na picha pamoja.

Jambo la tatu hukuliuliza. Kwa kinyozi huwa kuna redio. Mtu akizungumza huku wimbo ukicheza, huwezi kukata sentensi yake bila wimbo kuruka, na mwenye wimbo anaweza kuizuia filamu yako mtandaoni. Omba redio izimwe wakati wa maneno tu. Mashine ya kunyolea iache ilie.

SWALI: Kuna mama hapa Kaptembwa anayepika chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ili watoto wakae shuleni. Amekubali kuongea, ila uso usionekane. Nimepanga kumweka mbele ya dirisha awe kivuli. Inatosha? (Ndugu msomaji, Nakuru)

Haitoshi, ndugu, na tunakuomba usirekodi chochote kabla ya kusoma hadi mwisho.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile wananchi waliyoiita Sheria ya Mututho, iliondoa marufuku ya zamani juu ya chang'aa lakini ikadai leseni. Anayepika nyumbani bila leseni anavunja sheria. Kwa hiyo picha zako si filamu tu, zinaweza kuwa ushahidi dhidi yake. Mweleze hivyo waziwazi, kwa lugha anayoota nayo, kisha ondoka. Rudi baada ya siku mbili kusikia jibu. Ndiyo ya papo kwa papo mara nyingi ni adabu kwa mgeni.

Akikubali, kumbuka kivuli cha dirishani hudanganya. Kamera huhifadhi giza lenye habari ndani yake, na mtu akipandisha mwanga uso hujitokeza. Jaribu mwenyewe kwenye programu ya kuhariri: pandisha mwanga hadi mwisho. Ukiona pua, filamu imemtaja. Lililo salama ni kutourekodi uso kabisa. Lenga mikono, mvuke, mtungi, matone yanayodondoka kwenye chupa.

Hata hivyo mikono nayo ina jina. Pete, kovu la kidole, kucha iliyovunjika, majirani wanavijua. Leso yenye methali inajulikana mtaa mzima, basi aazime nguo ambazo hajawahi kuvaa nje. Kagua ukuta nyuma yake: kalenda ya kanisa, sare ya shule iliyotundikwa, namba ya mita ya umeme, rangi ya mlango, kilima kinachoonekana dirishani. Ukiweza, mhoji kwenye nyumba nyingine kabisa. Sikiliza pia kilichomo kwenye sauti, kama mtoto anayeitwa kwa jina uani au kipaza sauti cha ibada kilicho karibu. Zima huduma ya mahali kwenye simu, kwa kuwa bila hivyo picha hubeba alama ya pale ilipopigwa.

Kuibadili sauti yake iwe nzito hakumlindi, maana anayeishusha sauti ameacha njia ya kuipandisha tena. Andika maneno yake yote, umtafute mama mwingine mwenye lafudhi iliyo karibu ayasome kwa mwendo uleule, vituo na pumzi vikiwa mahali pake. Waeleze watazamaji kwa maandishi mwanzoni kwamba sauti si yake. Haipunguzi ukweli.

Watoto wasionekane, hata visogo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa habari za mtoto. Hapa mzazi anaweza kuitoa, lakini sisi tunasema usiiombe, kwani aibu ya filamu hii ikitokea itamfuata mtoto darasani na yeye hakuulizwa.

Fomu ya idhini yenye jina na sahihi yake ni hatari nyingine. Isikae pamoja na picha. Faili zipewe namba badala ya jina, zifungwe kwa nywila, na mkubaliane mapema zipi zitafutwa kazi ikiisha. Usimlipe kwa hadithi, maana malipo hayo hurefusha hadithi. Mfidie siku aliyoacha kazi, kiasi kitajwe kabla, na kisibadilike hata akisema maneno kumi tu.

Mwisho, kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona, mwonyeshe yeye filamu iliyokamilika akiwa na mtu mmoja anayemwamini na anayemjua sana. Mtu huyo akisema "huyu ni wewe," mwulize amejuaje, kisha rudi ukakate.

SWALI: Nataka kurekodi mapigano ya fahali Ikolomani. Nahitaji vibali gani? (Msomaji, Kakamega)

Kwa ufupi: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu itakayoonyeshwa hadharani au kuuzwa.  Filamu ikikamilika, Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, huitazama na kuipa daraja: GE kwa watu wote, PG, 16 au 18. Bango lake pia hupitia huko. Droni ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, na tungekushauri uiache nyumbani hata ukiwa na kibali, kwani fahali aliyekwisha chemka hahitaji kitu kinachovuma kichwani. Juu ya hayo, nenda kwa chifu na kwa wenye fahali wenyewe. Karatasi ya Nairobi haikufungulii uwanja.

Ngoma za isukuti zitakuwapo. Mwaka 2014 UNESCO iliziweka ngoma hizi za Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, na tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Kwa hiyo idhini usiiombe kwa mpiga ngoma mmoja tu. Iombe kwa kikundi na wazee wake, na uwaandike majina mwishoni mwa filamu.

Uwanja hauna ua. Fahali akishindwa hukimbia, na watu humkimbia yeye. Usitumie tripodi. Simama karibu na mti mkubwa, na awepo mwenzako wa kukushika mshipi nyuma na kutazama pande usizoziona, maana jicho lililo kwenye skrini halioni kitu kingine.

SWALI: Kuna babu hapa Busia aliyeendesha boda boda ya baiskeli tangu ujana wake. Nikimuuliza swali hujibu "ndiyo" au "ilikuwa ngumu", basi. Nikizima kamera anasimulia hadi jioni. (Mwalimu, Busia)

Mwalimu, una hazina. Neno boda boda lilizaliwa hapo mpakani, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Lakini historia hiyo mzee hataitoa akiulizwa kama mtihani.

Kwanza, mnazungumza lugha gani? Huenda Kiswahili cha mbele ya kamera ndicho kinachombana. Mwache aseme Kiteso au Kisamia chake, utatafsiri baadaye.

Pili, yaache maswali ya "je" na ya "maisha yalikuwaje". Uliza vitu, uzito na mahali: "Mzee, mzigo mzito kuliko yote uliowahi kubeba ulikuwa nini, na uliufunga vipi?" Afadhali zaidi, mlete na baiskeli. Mwombe akuonyeshe kiti cha abiria kilivyofungwa, mnyororo ulivyorudishwa ulipotoka katikati ya matope. Mikono ikishika kazi, mdomo hufunguka wenyewe.

Tatu, akimaliza kujibu hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla ya swali jingine. Sentensi iliyo bora mara nyingi huja kwenye nne. Usiitikie "mm", tikisa kichwa, maana sauti yako itakaa juu ya maneno yake na huwezi kuing'oa. Mwombe mara moja tu, mwanzoni, aingize swali ndani ya jibu: badala ya "miaka thelathini" aseme "Niliendesha baiskeli miaka thelathini." Akisahau, mwache. Mzee hakatizwi kila dakika kwa ajili ya uhariri wako.

Usimrekodi kwa siri akidhani umezima. Mwambie, "Kamera itakuwa inarekodi tangu sasa hadi tutakapoagana," iweke kwenye tripodi, nawe kaa kando ya lenzi kwenye kigoda cha kimo sawa na chake. Baada ya robo saa ataisahau, na hutakuwa umemdanganya. Hizo GB za ziada zina faida.

Ukimaliza maneno, rekodi picha za kuyavalisha, kila moja sekunde kumi bila kuhamisha kamera: mikono kwa karibu, uso, mahali pazima kwa mbali, kazi ikionekana kutoka juu ya bega lake, na moja isiyotarajiwa, labda kivuli cha magurudumu ukutani.

SWALI: Filamu fupi ni dakika ngapi? (Wanafunzi, Eldoret)

Kwa tuzo za Oscar mwisho ni dakika 40 pamoja na orodha ya majina. Matamasha mengi hutaka fupi zaidi ya hapo, soma masharti ya kila moja kwenye tovuti ya FilmFreeway ambako mengi hupokea filamu. Kwa mtu mmoja na kazi moja, dakika 8 hadi 12 zinatosha. Kazi yenye upana zaidi inaweza kupelekwa Docubox, mfuko wa filamu za makala ulioko Nairobi. Tuzo za Kalasha za Tume ya Filamu Kenya nazo zina vitengo vya filamu fupi na makala.

SWALI: Filamu yangu ni ya wanawake wa omena (dagaa wa ziwani), yote kwa Dholuo. Naandika tafsiri ya Kiswahili chini ya picha lakini watu wanalalamika hawamalizi kusoma. Halafu nataka kuionyesha ufuoni wenyewe wakaione. (Dada msomaji, Mbita)

Dada, unatafsiri maneno yote, na Kiswahili kina maneno marefu. Mtazamaji wa kawaida husoma herufi kama 15 kwa sekunde huku akitazama picha. Sentensi hii, "Mimi mwenyewe nilianza kazi hii ya kuuza omena nilipokuwa bado msichana mdogo sana," ina herufi na nafasi 82, yaani zaidi ya sekunde tano. "Nilianza kuuza omena nikiwa msichana" ina 36, na hupita kwa sekunde mbili na nusu. Maana imebaki, na uso wa mama umepata kutazamwa. Usizidishe mistari miwili, kila mmoja herufi 40 hivi. Usiukate mstari kwenye "ya" au "wa" ukaacha jina lake chini. Hifadhi faili la maandishi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, la sivyo ng' itageuka alama za ajabu. Akitaja methali ya mtumbwi huku mtumbwi uko kwenye picha, itafsiri mtumbwi ulivyo. Usibandike methali ya Kiswahili yenye mnyama asiyeonekana. Na mtafute mzungumzaji mwingine wa Dholuo akusahihishe, hata kama ni lugha yako.

Kuhusu onyesho: uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na katika miezi hiyo wanawake wako wana jioni. Jua huzama kabla ya saa moja na giza huingia haraka, basi anza saa moja na robo. Projekta yenye mwanga wa lumeni 3,000 inatosha kwa picha ya upana wa mita tatu. Shuka ufuoni hugeuka tanga upepo ukivuma. Ukuta uliopakwa chokaa ni bora, na kama hakuna, funga shuka pande zote nne na uliache na matundu machache ya kupitisha upepo. Jenereta ikae mita 30 kutoka kwa watu, upande upepo unakoelekea, na waya wa kuungia uwe mnene, milimita za mraba 2.5. Jaza mafuta kabla: projekta ikikatikiwa umeme ikiwa moto, feni husimama na taa yake inaweza kuungua. Spika mbili zikae mbele, juu kuliko vichwa vya waliosimama.

Wadudu wa ziwani watafuata mwanga wa projekta na kutambaa juu ya lenzi kama mvua nyeusi. Washa balbu moja kali mita 20 pembeni, kabla ya filamu kuanza, wakusanyike huko.

Beba nakala mbili za MP4 kwenye flashi mbili, na usiku uliotangulia icheze filamu nzima kwenye vifaa vilevile hadi jina la mwisho. Tengeneza nakala ya ufuoni peke yake, maandishi yakiwa yameunganishwa na picha na kupandishwa hadi theluthi ya juu. Watoto watakaa mbele, watu wazima watasimama nyuma yao, na maandishi yaliyo chini yatasomwa na safu ya kwanza tu.